Ushuhuda Wetu wa Pili

Katika usharika wetu, huku juu mlimani Kilimanjaro, Meza ya Bwana hupokelewa kwa magoti. Mbele ya madhabahu kuna kibao kirefu kilichowekewa mto mwekundu, na kila aliyepata kipaimara hapa amekipigia magoti tangu ujana wake. Sisi tulifunga ndoa mbele ya kibao hicho mwaka 1978, tukiwa walimu wapya wa shule ya msingi. Aliyeshika kalamu hapa ni mume, lakini mke amesoma kila mstari na mingine ameifuta, kwa hiyo tukiandika "sisi" tunamaanisha wote wawili.

Goti la kulia la mke lilianza kuuma mwaka tuliostaafu. Kwanza lilimsumbua akishuka mtoni, halafu akipanda, halafu hata akikaa. Ya mume yalifuata, yote mawili, ila yeye aliyaficha kwa kusema amechoka. Jumapili moja ya Kwaresima mwaka 2017 mke alipiga magoti pamoja na wenzake, akapokea mkate na divai, wenzake wakainuka, yeye akabaki. Watu walidhani anaomba. Mume aliyekuwa pembeni yake alijua kwamba haombi. Mzee wa kanisa alikuja akamshika kwapani, akamwinua kama anavyoinuliwa mtoto aliyeanguka, tukarudi kwenye benchi bila kumtazama mtu usoni. Tangu siku hiyo tukawa tunabaki kwenye benchi la mbele pamoja na wagonjwa na wazee sana, mchungaji anatuletea. Hakuna aliyetusema, lakini tulikuwa na miaka sitini na kitu tu, na lile benchi tulilijua kuwa ni la watu wanaosubiri.

Tulikwenda hospitali. Daktari alimpiga mke picha ya goti, akaishikilia kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha mahali ambapo nafasi kati ya mfupa na mfupa ilikuwa imepungua. Alitueleza kwa subira kwamba gegedu, kile kitu cheupe chenye utelezi kinachofunika ncha za mifupa, ambacho watoto hukigombania kwenye mguu wa kuku, kilikuwa kimelika. Akasema gegedu halina mishipa ya damu ndani yake, na ndiyo maana likichakaa ni vigumu kujitengeneza upya. Alishauri mke apunguze uzito, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, apake dawa ya maumivu, na azitumie kwa kiasi dawa za kumeza. Tulimshukuru, tukatoka tumekasirika. Tulikuwa tumepanda basi asubuhi na mapema kwenda kutafuta dawa, naye akatuambia tutembee.

Ndipo ikaja ile biashara. Kijana mmoja tuliyemfundisha darasa la tano alitutembelea na kopo la virutubisho. Ndani yake, alisema, mna chakula cha gegedu: glukosamini miligramu 1,500 na kondroitini miligramu 1,200 kwa siku. Alitualika kwenye semina mjini Moshi. Ukumbi ulijaa, na wengi walikuwa wastaafu kama sisi, watu wenye kiinua mgongo benki na maumivu ya mgongo nyumbani. Semina ilifunguliwa kwa sala. Watu walisimama mmoja mmoja wakatoa ushuhuda kwa neno hilohilo tunalolitumia kanisani: huyu alikuwa anatembelea magongo, yule aliambiwa akatwe mguu. Hatukushangaa wala kuuliza. Tulinunua makopo mawili kwa shilingi 90,000 kila moja, tukarudi nyumbani tumefurahi kuliko siku ya hospitali.

Sasa tuseme ukweli hapa, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Tulipona. Si kupona kabisa, lakini baada ya wiki sita mke alishuka mtoni bila fimbo. Baada ya wiki nane, nyumbani, usiku, akijishikilia kwenye kitanda, alipiga magoti akainuka mwenyewe. Tulilia. Jumapili iliyofuata tulikwenda mbele, tukapiga magoti wote wawili kwenye kile kibao, na waimbaji waliotuona wakapiga vigelegele.

Tuliomba nafasi ya kushuhudia, mchungaji akatupa. Tulisimama mbele ya madhabahu tukaeleza tulivyoteseka, tulivyoomba, na jinsi Bwana alivyotufungulia njia. Na njia yenyewe tukaitaja kwa jina, jina la kopo. Ibada ilipokwisha, watu wakiwa kwenye mnada wa mavuno, ndizi na maboga yakinadiwa, sisi tulizungukwa na watu wengi kuliko mnada.

Kwa hiyo tukaingia kwenye biashara ya mtandao. Tulichukua sehemu ya kiinua mgongo tukanunua shehena kwa bei ya jumla, kopo shilingi 65,000, tukauza kwa 90,000. Tulijiambia kwamba hii ni huduma. Tulikuwa tukienda jumuiya ya alfajiri na mfuko wenye Biblia, kitabu cha nyimbo na makopo. Katika miezi kumi na minne watu 23 wa usharika wetu walinunua makopo 68. Tunazijua hesabu hizi kwa sababu mke aliziandika zote kwenye daftari la mistari, kama alivyoandika mahudhurio ya darasa kwa miaka 37.

Kati ya hao 23 alikuwamo mjane mmoja wa mtaa wa chini, ametuzidi umri kwa miaka michache. Alinunua makopo matatu. Baadaye tulikuja kujua kwamba mawili aliyapata kwa kuuza mbuzi wake wa maziwa, na la tatu kwa mkopo wa kikoba. Wakati huo tulijua tu kwamba amelipa taslimu, na tukamsifu.

Mwaka 2019, kipindi cha mvua za vuli, tulisikia kwamba amekwenda kliniki akazuiliwa. Tulimkuta kitandani wodini, mikono yake ina mabaka meusi kama ya mtu aliyepigwa. Fizi zilikuwa zikimtoka damu kila akipiga mswaki. Mwaka uliotangulia damu ilikuwa imeganda kwenye mguu wake, na tangu hapo alikuwa akitumia warfarini, dawa inayozuia damu isigande, ambayo lazima ipimwe mara kwa mara ili isizidi. Safari hii vipimo vilionyesha imezidi sana. Daktari alimwuliza kila anachokula na kunywa, na yeye, mwanamke mnyofu, alitoa kwenye kanga yake kopo letu.

Daktari hakudai kwamba ana uhakika wa asilimia mia. Alisema zimekusanywa taarifa za watu waliotumia glukosamini pamoja na warfarini, na damu yao ikawa nyepesi kupita kiasi, hivyo aliache. Aliliacha, dawa yake ikarekebishwa, vipimo vikashuka, akarudi nyumbani. Tunamshukuru Mungu kwa hilo kila siku, kwa sababu mtu wa hali ile anaweza kuvuja damu kichwani usiku asionekane tena asubuhi.

Wapendwa, tungeweza kuandika kwamba hatukujua, lakini haitakuwa kweli. Kwenye kopo, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, kulikuwa na onyo kwamba mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza. Sisi ni walimu. Tulikuwa tumelisoma siku ya kwanza kabisa, mezani, mke akisoma kwa sauti na mume akitafsiri. Halafu hatukumwuliza hata mtu mmoja kati ya wale 23 anatumia dawa gani. Tulisema vidonge hivi ni vya asili, na kwa akili yetu kitu cha asili hakidhuru, ingawa sote tumekulia kwenye mlima wenye majani ambayo hata mbuzi wanayajua hawayagusi.

Tulipomwomba mjane msamaha pale kitandani, hakukasirika. Alisema tu, "Mwalimu, mimi makopo ya dukani siyaamini. Hili nililiamini kwa sababu mlilisema mkiwa mmesimama madhabahuni." Alilisema kwa upole, kana kwamba anatufariji, halafu akaomba apewe maji.

Krismasi ya mwaka huo watoto na ndugu walirudi nyumbani kama ilivyo desturi ya huku kwetu, na miongoni mwao binti wa kaka yetu, mfamasia huko Dodoma. Tulimweleza yote jikoni. Hakutukemea. Alituambia kwamba mwaka 2006 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioendeshwa kwa fedha za serikali, wenye wagonjwa wa magoti 1,583. Waligawanywa kwa bahati nasibu kwa wiki 24: wengine wakapewa glukosamini, wengine kondroitini, wengine vyote viwili, wengine dawa ya maumivu ya hospitali, na wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, bila mgonjwa kujua amepewa nini. Waliopewa vyote viwili, kama kopo letu, karibu 67 katika kila 100 walipata nafuu.

Tulifurahi, tukasema, "Si unaona!"

Akatuuliza kama tunataka kujua waliopewa vidonge vitupu walikuwa wangapi. Walikuwa 60 katika kila 100. Watafiti walipopima tofauti hiyo, waliona ni ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kulikuwa na kundi dogo la wenye maumivu makali zaidi ambao mchanganyiko ulionekana kuwasaidia, lakini walikuwa wachache mno kujenga hoja juu yao. Baadaye tulijifunza pia kwamba mwongozo wa 2019 wa chama cha Marekani cha madaktari wa baridi yabisi na magonjwa ya viungo unashauri kwa nguvu wagonjwa wa magoti na nyonga wasitumie vidonge hivi.

Mke aliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: basi mimi nilipiga magoti kwa kitu gani? Binti yetu alicheka, akasema, "Mama mdogo, ulinunua kopo siku goti lilipokuwa baya kuliko siku zote, sivyo?" Ndivyo. Maumivu ya gegedu hupanda na kushuka kama mto wa mlimani, na mtu hukimbilia dawa yakiwa juu kabisa. Hata asipofanya lolote yatashuka. Matumaini nayo hupunguza maumivu, hiyo si hadithi. Halafu akauliza tulikuwa tukisambazaje makopo. Kwa miguu. Tulikuwa tumetembea mitaa yote mitano ya usharika, kupanda na kushuka, mara tatu kwa wiki. Tulikuwa tumefuata agizo la daktari bila kujua, tukampa sifa kijana wa makopo. Na glukosamini yenyewe, akatuambia, kwa kawaida hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa wa baharini. Mume, ambaye hajawahi kukubali kula kamba hata alipokwenda Tanga kwenye mkutano wa walimu, alinyamaza muda mrefu.

Shangazi mmoja aliyekuwa akimenya ndizi za mtori hakupendezwa na mazungumzo yote hayo. Alisema yeye tangu zamani anakunywa supu ya makongoro na magoti yake yako salama. Binti yetu akamwambia kwa heshima kwamba kolajeni ya makongoro ikifika tumboni huvunjwavunjwa kama nyama nyingine yoyote, haina njia yake ya peke yake kwenda gotini, lakini supu ni tamu na aendelee. Shangazi akasema angeendelea hata asingeruhusiwa.

Usiku huo hatukulala mapema. Tulisoma Yohana sura ya tisa, habari za yule aliyezaliwa kipofu. Tulikuwa tumeihubiri mara nyingi kwenye jumuiya, lakini kuna kitu hatukuwahi kukiona. Wakubwa wanambana kwa maswali wakitaka aseme Yesu ni mtu wa namna gani, naye anakataa kuvuka mpaka wa kile anachokijua: alikuwa haoni, sasa anaona. Mengine anasema hayajui. Sisi tulikuwa na haki ya kusimama na kusema kwamba goti liliuma na sasa limepungua kuuma. Tuliyoongeza pale, kwamba ni kopo, kwamba ni la kila mtu, kwamba Bwana ndiye aliyelituma, hatukuyaona kwa macho wala hatukuyapima. Tulimshuhudia Mungu kwa jambo ambalo hatukuwa na hakika kwamba amelifanya, halafu tukatoza bei. Ile amri inayokataza kushuhudia uongo tulidhani inahusu mahakamani.

Tulikwenda kwa mchungaji kuomba nafasi nyingine ya kushuhudia. Alisita. Aliogopa, na tunamwelewa, kwamba watu wakisikia ushuhuda ukirudishwa nyuma wataanza kutilia shaka shuhuda zote. Tuliongea naye hadi giza likaingia. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: tuseme mafupi.

Basi Jumapili moja mwanzoni mwa 2020 tulisimama palepale. Tulisema kwamba nafuu yetu ni ya kweli na tunamshukuru Mungu kwayo, ila sababu yake hatuijui kama tulivyodai. Tulisema kuna mwenzetu amepata hatari kwa kutoulizwa swali ambalo tulipaswa kumwuliza, na anayetumia dawa yoyote ya hospitali asichanganye na virutubisho kabla ya kumwonyesha daktari kopo. Tukasema tutarudisha fedha. Hakuna aliyepiga vigelegele. Kwaya ilichelewa kuanza wimbo.

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Tulipiga hesabu: makopo 68 kwa shilingi 90,000 ni shilingi 6,120,000, na mara nne yake ni zaidi ya milioni 24. Zakayo alikuwa tajiri. Sisi tuliamua kurudisha mara moja tu, kwa awamu, kutoka kwenye kahawa, ndizi na pensheni, na ilituchukua miaka miwili na miezi kadhaa. Watu sita walikataa kabisa kupokea. Watatu walitukasirikia, si kwa kuwauzia, bali kwa kuacha. Mmoja alitufuata njiani akasema, "Mwalimu, msituharibie dawa, mimi inanisaidia." Mpaka leo ananunua mjini kwa wengine, hatumii dawa nyingine yoyote, anatembea vizuri. Hatubishani naye. Huenda ni mmoja wa wale 67, huenda ni mmoja wa wale 60. Yeye mwenyewe hawezi kujua, wala sisi.

Mjane alipoletewa 270,000 zake alizihesabu mara mbili, akalipa kikoba, akanunua mbuzi. Hakusema neno la kutusifu. Tunakiri kwamba tulilisubiri.

Siku hizi jumuiya yetu ya alfajiri ina dakika kumi za ziada baada ya sala. Daktari yule wa kwanza, tuliyetoka kwake tumekasirika, ndiye aliyetufundisha tuliporudi kwake tumenyenyekea. Tunakaa kwenye mabenchi, tunanyoosha mguu mmoja mbele tunaushikilia, halafu mwingine, halafu tunasimama na kukaa mara kumi bila kutumia mikono. Vijana hutucheka kupitia dirishani. Gegedu halina mishipa ya damu, lakini ute ulio ndani ya kiungo hulilisha kila goti linapokunjwa na kunyooshwa, kama kitambaa kinavyonyonya maji kikikamuliwa na kuachiwa. Mke amepunguza kilo saba. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza mzigo wa karibu kilo nne gotini kwa kila hatua, kwa hiyo tumeambiwa tuzihesabu kuwa ishirini na nane. Mazoezi hayo hayalipishwi, na labda ndiyo sababu wanaokuja ni kumi na mmoja tu.

Hatujapona. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka na baridi ikaingia mifupani, mke anaamka usiku kusugua goti, na mume ameacha kuficha yake. Kuna Jumapili tunapiga magoti kwenye kibao na kuna Jumapili hatuwezi. Mke alipenda sana habari ya Yakobo tangu shule ya Jumapili, na juzi alisema amegundua kwamba baraka aliipata usiku uleule aliotegukwa nyonga, na asubuhi akaondoka akichechemea, wala Biblia haisemi kwamba mguu ule uliponywa baadaye. Mume hakuwa na la kujibu.

Jumapili ambazo hatuwezi tunapokea tukiwa tumesimama, mwisho wa kibao upande wa kushoto, na mjane husimama nasi, mkono mmoja kwenye ukingo. Anatoka mtaa wa chini, njia ni ya kupanda, na tumezoea kumsubiri kwenye kona ya tatu penye mti wa mruka ili tupande pamoja. Juma lililopita alifika akihema, akaketi kwenye jiwe lake.

"Mwalimu, magoti?"

"Yapo."

"Na yangu yapo," akasema. Kengele ya pili ikalia tukiwa bado tumeketi.